Kibaha hadi Mirembe kwa baiskeli: unavyoweza kujiandaa

Mdogo wangu alilazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, miezi miwili. Mtaani kwetu jina hilo ni tusi: mtu akikosea tu kuhesabu chenji anaulizwa ametoroka Mirembe lini. Kwa hiyo nilipoamua kuchangisha nauli za wagonjwa wanaorudi kliniki, nililiandika kwa herufi kubwa mgongoni mwa fulana, nikapanda baiskeli. Kilomita zaidi ya 400, siku nne. Ukitaka kufanya kama mimi, fanya hivi.

Kabla hujanunua hata tyubu, panga fedha. Uliza wanaohitaji msaada wanapungukiwa nini, usibuni. Nyumbani kwetu kilichotuumiza ni nauli: ndugu yangu aliruhusiwa, tarehe ya kliniki ikafika mfukoni hamna kitu, dawa zikakatika, akaanza tena kutembea usiku. Tumia laini moja isiyo na shughuli nyingine, watu wawili waone salio, na kila shilingi iandikwe kwenye daftari. Chakula chako cha njiani ulipie mwenyewe.

Mazoezi yanataka wiki 12. Nilianza na kilomita 20 mara tatu kwa wiki, na Jumamosi moja ndefu niliyoiongeza polepole kutoka 40 hadi 110. Kila wiki ya nne punguza, mwili upone. Mwishoni endesha siku mbili mfululizo, kwa sababu kazi ngumu ni kukalia kiti tena asubuhi ya pili. Kiti chenyewe kipime hivi: weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu ukinyooka bila nyonga kuyumba, hapo ndipo. Paka mafuta ya mgando mapajani kabla ya kutoka, usisubiri kuchubuka.

Nenda kati ya Juni na Agosti. Masika imekwisha, na upepo wa kusi mara nyingi unakusukuma mgongoni. Mimi niligawa hivi: Kibaha–Chalinze, Chalinze–Morogoro, Morogoro–Gairo, Gairo–Dodoma. Siku mbili za mwanzo ni za kuzoea malori. Barabara hiyo ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia, Rwanda, Burundi na Kongo. Vaa kizibao kinachong'aa, toka saa 12 asubuhi, pumzika kuanzia saa 5 jua likiwaka, maliza kabla ya magharibi. Usiku usiendeshe hata kama zimebaki kilomita tano.

Maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo hata kama huna kiu. Viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi zilinifaa kuliko kitu chochote cha pakiti.

Siku ya tatu ndiyo itakayokupima. Baada ya Dumila barabara inapanda kuelekea Gairo, na hakuna gia inayokufanya usisikie. Nilishuka mara tatu nikakokota. Kukokota si kushindwa. Nakuomba sana ulikubali hilo ukiwa bado nyumbani.

Lakini Dumila ninaikumbuka kwa jambo jingine. Nilipata pancha, nikamwamkia fundi mmoja mzee. Alizamisha tyubu kwenye karai la maji, akawa anaizungusha akitafuta mapovu, macho kwenye fulana yangu.

"Mwanangu, Mirembe kuna nani wako?"

"Mdogo wangu, baba. Alilazwa, sasa yuko nyumbani."

Mapovu yakatoka, akaweka kidole juu ya tundu. Hakukitoa. "Wa kwangu yuko ndani. Tunamfungia tukienda shamba."

Nilikaa naye zaidi ya saa moja. Kwa hiyo kwenye ratiba yako acha nafasi: saa mbili kila siku zisizo na kilomita ndani yake. Watu watakusimamisha, na hilo ndilo ulilolifuata barabarani. Sikiliza bila kukatiza, usiahidi uponyaji, usitangaze dawa. Uwe umeandika mapema vituo vya afya na hospitali za wilaya za njia nzima, umwelekeze mtu kilicho karibu naye. Akikuambia hataki tena kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake. Mtafute ndugu anayemwamini, wamfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe? Mimi nilikuwa na dada yangu wa kumpigia kila jioni. Swali lake lilikuwa moja, nimelala vipi, wala hakuuliza nimefika wapi. Siku mbili nisipolala, tulikubaliana, ninapanda basi. Mtafute mtu wa namna hiyo, umpe mamlaka ya kukusimamisha.

Ukishakabidhi fedha na daftari Dodoma, usirudi kazini kesho yake. Wiki ile ya kwanza moyo wangu ulishuka kuliko nilivyotegemea. Nyumba ilikuwa kimya na miguu haina pa kwenda. Panga mapema mtu wa kula naye siku hizo. Baiskeli irudi kwa basi: fungua gurudumu la mbele, zungushia mnyororo gazeti usichafue mizigo ya watu, na usimame hapo mpaka uione imelazwa ndani ya buti.