Kulala Chumbe usiku mmoja, jipange hivi

Chumbe ni kisiwa kidogo, kipo hapo tu kusini ya mji wa Zanzibar, boti inaondokea Mbweni, ila usiende na akili ya hoteli za Nungwi. Mabanda yako 7 tu kwahiyo buku mapema, na kama kusi linapuliza na wewe bahari inakusumbua, kunywa dawa kabla.

Maji ya kuoga ni ya mvua, yanavunwa paani yanaingia tangini, umeme wa sola, basi oga haraka jamani. Choo hakina flashi, ukimaliza unamwagia takataka za majani unafunika, na wallahi hakinuki.

Kwenye matumbawe usikanyage kitu wala kushika, na badala ya kujipaka losheni ya jua vaa fulana ya mikono mirefu. Mnara wa taa wa mwaka 1904 panda jioni jua limepoa.

Usiku usilale mapema! Chukua tochi mfuate muongozaji mkatafute kaa wa minazi, lidude kubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu, linaparamia mti kama mkwezi, lipige picha ila vidole weka mbali, gando lile linavunja nazi.