Kuhamisha benki za sauti hadi Akai S950 kwa Gotek

Hapa Gotek (kifaa kinachosoma diski za flopi zilizohifadhiwa kama faili kwenye flashi ya USB) imeshachukua nafasi ya kisomaji cha flopi cha S950, sampla ya Akai, na ina FlashFloppy, programu ya kuiendesha, ndani. S950 iliyotoka Japani ni ya volti 100, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka kwenye umeme wa 230.

1. Toa sauti kwenye benki

Imeji (faili moja lenye diski nzima) ya sampla za Akai S1000 au S3000 ifungue kwa akaiutil, programu ya amri ya kusoma diski za Akai, ingia kwenye volyumu kwa `cd`, kisha `sample2wavall`. Haina madirisha wala vitufe vya kubofya, na ndiyo uzuri wake: kosa likitokea unaliona. Sauti za stirio hutoka zikiwa faili mbili, -L na -R. Chukua -L tu.

2. Zipunguze

Tumia sox, programu ya kubadilisha sauti kwa amri:

`sox NGOMA.wav -b 16 -r 30000 NGOMA1.wav remix 1`

Kumbukumbu ya kiwandani ya S950 ni KB 750 tu. Kwa kiwango cha sampuli 48000 kwa sekunde unapata chini ya sekunde 10; kwa 30000 unapata kama 15. Gawanya kiwango kwa 2.5 upate upana wa masafa: 30000 ni kHz 12, inatosha kwa snea. Kwa kiki na besi shuka hadi 15000, hakuna atakayelalamika. `remix 1` huchukua chaneli ya kushoto peke yake. Usiandike `remix -` bila kusikiliza kwanza, maana huchanganya pande zote mbili, na zikiwa zimepingana fezi (mawimbi yao kinyume), besi inayeyuka. Majina yasizidi herufi 10.

3. Tengeneza diski

Hapa ndipo saa huteketea. Flopi ya HD (msongamano mkubwa) ya Akai haifanani na ya PC. PC huweka sekta 18 za baiti 512 kwa kila traki, Akai huweka sekta 10 za baiti 1024. Ndiyo maana kisomaji cha flopi cha USB hakifai kwa kazi hii, hata ukibadilisha kebo mara ngapi.

Tengeneza imeji tupu:

`dd if=/dev/zero of=DSKA0000.img bs=1024 count=1600`

Angalia ukubwa wake. Lazima iwe baiti 1,638,400 kamili. Ukiona 1,474,560, hiyo ni ya PC, itupe. (Wenye S900: mashine yenu inasoma DD tu, flopi ya msongamano mdogo kuliko HD, kwa hiyo `count=800`, yaani baiti 819,200.)

Flashi iwe FAT32. Weka imeji hiyo humo pamoja na faili la mipangilio ya FlashFloppy, FF.CFG, nje ya folda yoyote, lenye mistari hii:

`interface = akai-s950`
`host = akai`
`nav-mode = indexed`

Mstari wa kwanza ndio husahaulika. Bila huo, S950 haipati kwenye pini ya 2 ishara kwamba diski ni HD, inaichukulia kuwa DD, na kila kitu kinakataa huku imeji yako haina tatizo lolote. Mstari wa pili huiambia Gotek kuwa .img hii ina sekta 10. Ukiukosa, itakisia.

Sasa ifomati ndani ya sampla yenyewe, kwa HD. Taa ya Gotek ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, kebo ya pini 34 imegeuzwa. Sampla isipoiona diski kabisa, hamisha jampa (kiunganishi kidogo cha pini kwenye Gotek) kutoka S0 hadi S1.

4. Ingiza na upakie

Rudisha flashi kwenye kompyuta, nakili imeji iliyofomatiwa kama akiba, fungua ile nyingine kwa akaiutil na uingize wav kwa amri ya aina ya S900, si ya S1000 (`help` itakuonyesha zote). Toa flashi kwa utaratibu, irudishe kwenye Gotek, pakia.

Zitakazoingia ni sampuli tu. Programu (mpangilio wa sampuli kwenye kibodi) na vikundi vya funguo utavipanga kwenye sampla, kisha uhifadhi kwenye diski hiyohiyo kabla ya kuzima umeme.