Bajeti ya nyumba Kigoma mjini: hesabu giza, usihesabu mwisho wa mwezi

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga vyumba viwili Gungu na wanangu watatu, na cherehani yangu iko kwenye baraza la duka moja Mwanga. Sina mshahara. Wiki ya kuelekea Idi, au zile za Januari watoto wanapotafuta sare, naweza kushika 110,000. Wiki ya Machi, mvua ikishika na watu wakibana matumizi, nimewahi kuondoka na 38,000. Mafunzo ya bajeti niliyowahi kuhudhuria yote yalianza na mshahara: ukiupata, ugawe mafungu. Kwa mtu wa genge, wa bodaboda, wa kuanika dagaa Kibirizi, somo hilo linakwama kwenye sentensi ya kwanza. Kwa hiyo naeleza ninavyofanya mimi, kwa namba zangu, na kwa nini nahesabu giza, yaani zile siku usiku hauna mbalamwezi na dagaa wanajaa. Wewe weka zako.

Anza na daftari, miezi mitatu. Kila jioni andika kilichoingia na kilichotoka, hata 200 ya kitumbua. Usijizuie kununua kitu katika miezi hiyo, andika tu. Ikiisha, tafuta wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote. Hiyo ndiyo mshahara wako. Wastani wangu ulikuwa kama 70,000 kwa wiki, na zamani nilipanga kwa huo wastani. Matokeo yake wiki ya 38,000 ilinikuta nimeshaahidi watu hela ambayo haijaja.

Kisha chukua yale makubwa yanayokuja kwa mkupuo uyavunje yawe ya wiki. Pango langu ni 30,000 kwa chumba, na mwenye nyumba anapokea miezi sita kwa pamoja, yaani 360,000. Kwa mwaka ni 720,000, ukigawa kwa wiki 52 inakaribia 14,000. Shule za serikali hazina ada tangu 2016, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini viatu, madaftari, kitambaa cha sare na michango havijaondoka. Mwaka jana watoto watatu walinimalizia 180,000, kwa hiyo 3,500 kila wiki. Kikoba, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, 5,000. Umeme na maji 4,000. Jumla 26,500, na naitoa Jumamosi jioni kabla sijaenda sokoni. Ya pango na shule naiweka kwenye laini ya pili ambayo kadi yake haikai kwenye simu. Naichomeka kuweka, naitoa. Hela iliyo kwenye simu ninayoishika kutwa huwa inapata kazi nyingine.

Kuhusu umeme, uliza jambo moja kabla hujalipia chumba: luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya peke yako au ya nyumba nzima? Nyumba yenye matumizi madogo hulipa 100 kwa uniti kabla ya makato mengine, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Ikizidi, zinazofuata ni 350. Mkiwa kaya tano kwenye luku moja, 75 zinaisha kabla ya mwezi kufika katikati, na ninyi nyote mnalipa bei ya juu ingawa kila mmoja ana taa mbili na redio. Chumba cha 25,000 chenye luku ya pamoja kinaweza kukugharimu kuliko cha 30,000 chenye luku yake. Halafu kuna kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi unaponunua umeme, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama luku iko mikononi mwako, zungumza naye mapema, kwa adabu, ipunguzwe kwenye pango. Wangu alikubali.

Sasa rudi kwenye wiki mbaya. Kwenye 38,000 toa 26,500, inabaki 11,500. Watu wanne, siku saba, mkaa humo humo. Haiwezekani, na hakuna ujanja wa kugawa mafungu utakaoifanya iwezekane. Kinachowezekana ni chakula kiwe kimeshaingia ndani kabla wiki hiyo haijafika. Kwangu bajeti ni hiyo: hela ya wiki nzuri inanunua chakula cha wiki mbaya, na inakinunua siku kikiwa rahisi.

Hapa kwetu urahisi wa kitoweo uko angani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu wanaufuata mwanga. Mbalamwezi ikitoka ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa hawajikusanyi kwenye taa, na mitumbwi mingi inapumzika. Giza likirudi wanaingia ziwani kila usiku, na asubuhi Kibirizi na Katonga kunajaa. Mwaka jana sado (kile kindoo cha plastiki cha kupimia) ya dagaa wabichi niliyoichukua kwa 12,000 katikati ya giza, wiki ya mbalamwezi nilitajiwa 20,000. Nilikuwa nimechukua sado tatu. Hiyo tofauti ya 24,000 ni zaidi ya pango la wiki moja na nusu, na niliipata kwa kuangalia juu.

Kujua giza si kazi. Wazee wa Ujiji wanaofuata tarehe za mwezi mwandamo wanayo hesabu vichwani: mwezi unapevuka tarehe 14 na 15, kwa hiyo siku kadhaa kabla na baada ya hapo kaa mbali na mwalo. Kuanzia ishirini na kitu hadi nane au tisa ya mwezi unaofuata, nenda. Usifunge ununuzi wako kwenye tarehe 30 ya kalenda, maana mwezi wa angani una siku 29 au 30 na giza linasogea nyuma mwaka mzima. Mwaka huu giza likiangukia mwisho wa mwezi, mwakani litakuwa limehama. Anayelipwa tarehe 28 na kwenda kununua tarehe 29 kila mara, kuna miezi atakuwa ananunua kwenye mbalamwezi bila kujua kinachomtafuna.

Nawanunua wabichi nawaanika mwenyewe kwenye chanja, si mchangani. Mchanga unaingia kwenye sado yako na baadaye kwenye meno ya watoto. Jua likiwa kali wanakauka siku hiyo hiyo. Mvunje mmoja: akikatika kwa mlio, yuko tayari, akipinda, mrudishe juani, la sivyo ndoo nzima itaota ukungu. Wakipoa kabisa, wafunike kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na kila baada ya wiki mbili au tatu watoe wapate jua tena. Wakati wa mvua kubwa usinunue wengi. Wabichi wanaweza kuwa bei ya chini sana kwa sababu hakuna anayeweza kuanika, na wewe pia hutaweza. Chukua wa kula leo na kesho.

Kuna mwaka ndoo hizi zilituokoa hasa. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane. Nilikuwa na ndoo mbili. Nilizitumia kwa kupima, siku mbili kwa wiki, siku nyingine sombe (kisamvu) la mawese au maharage. Ukisikia tangazo la aina hiyo, giza linalotangulia ndilo la kununulia. Usingoje wiki ya mwisho pamoja na mji mzima.

Mahindi ni hesabu ya mwaka. Sisi wanne tunakula kilo moja na nusu ya unga kwa siku. Mwaka jana mwezi wa sita mahindi ya Kasulu niliyapata 65,000 kwa gunia. Februari jirani yangu alilipa 100,000. Kikoba chetu kilikuwa kinavunjwa Desemba, yaani tunagawana akiba, na hela yote ikaishia kwenye nguo na sikukuu. Niliwaomba wenzangu tuhamishe, na sasa tunavunja Juni. Akiba yangu ya 5,000 kwa wiki inatoka kama 260,000: magunia matatu ni 195,000, inayobaki inanunua maharage. Magunia matatu, tukichanganya na ugali wa muhogo, yananifikisha mwezi wa pili. Hifadhi kwenye ile mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa, mahindi yakiwa makavu kabisa, mdomo umefungwa vizuri. Dumuzi wanakosa pumzi wanakufa bila dawa. Ukiyaweka kwenye kiroba cha kawaida, Oktoba utakuta unga ambao hukuusaga wewe.

Natamani mtu angenieleza haya mapema. Kabla sijaanza kuweka ndoo, mwezi wa tatu mmoja, sikuwa na unga wala dagaa ndani. Nikachukua mkopo wa kausha damu, 100,000 nirudishe 130,000 ndani ya wiki nne, dhamana cherehani. Wiki ya tatu mvua haikuacha, wateja hawakuja, sikuwa na rejesho. Wakaja wawili asubuhi wakaibeba. Ilikaa kwao siku tisa, hadi dada yangu aliponitumia hela kutoka Uvinza. Nilikopa ili watoto wale, na kilichokuwa kinawalisha kikachukuliwa mbele yao. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: kama unakopa kwa ajili ya chakula, usitafute mkopo wenye riba nafuu zaidi. Kaa na watu wa kikoba chako, omba kwao, na giza linalokuja anza kuweka ndoo.

Najua utasema hela ya kuanzia haipo. Mimi sikuanza na sado tatu. Nilianza na moja, nikaigawa na mama mpangaji mwenzangu, nusu nusu. Giza lililofuata nikachukua nzima. Mawese tunafanya hivyo hadi leo: wanawake wanne, dumu moja la lita 20 kutoka kijijini, kila mmoja lita tano, nauli ya bodaboda tunachangia. Anayeshika daftari ni yule anayejua kuandika haraka, na kila mmoja analeta hela yake Ijumaa. Asipoleta Ijumaa, lita zake tano zinapewa mwingine, na hatumsemi vibaya. Giza jingine ataingia tena.