Namna ya kuifikia 6174 kutoka karibu namba yoyote ya tarakimu nne

Chukua karatasi na kalamu. Kalkuleta iweke kando kwanza, kwa sababu utamu wa jambo hili uko kwenye kutoa kwa mkono. Nafundisha hisabati kidato cha kwanza, na kila mwaka natenga kipindi kizima kwa ajili ya namba moja tu, 6174. Aliyegundua tabia yake, mwaka 1949, ni mwalimu mwenzetu: D. R. Kaprekar, aliyefundisha shule huko Devlali, India. Hilo huwaambia wanafunzi kabla sijaandika chochote ubaoni, maana wengi wao wanadhani hisabati ilishagunduliwa yote na watu wa vyuo vikuu.

Hatua ya 1. Chagua namba ya tarakimu nne. Zisifanane zote nne. 3333 ukiipanga upya inabaki ileile na jibu ni sifuri. Mimi huanza na 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika.

Hatua ya 2. Panga tarakimu kuanzia kubwa kwenda ndogo, halafu kuanzia ndogo kwenda kubwa. Toa ndogo kwenye kubwa:

9611 − 1169 = 8442

Hatua ya 3. Jibu ulilopata lifanyie vivyo hivyo, na linalofuata pia:

8442 − 2448 = 5994
9954 − 4599 = 5355
5553 − 3555 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Jaribu kuendelea: 7641 − 1467 = 6174. Hapo ndipo mwisho wa safari. Tumetoa mara saba, na hakuna namba ya tarakimu nne inayohitaji zaidi ya hapo. 1963, mwaka wa uhuru wa Kenya, inafika kwa mara tano.

Chunga sifuri. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mwanafunzi mmoja alichagua 2111, akatoa 1112, akapata 999. Akatoa 999 kwenye 999. "Mwalimu, yangu imeishia sifuri!" Nikamwambia airudishe sifuri iliyoachwa mbele: 0999. Tukapanga pamoja: 9990 − 0999 = 8991, kisha 8082, kisha 8532, kisha 6174. Nafasi ya maelfu haifutiki kwa kuwa haina kitu, na sijaona zoezi linaloonyesha thamani ya nafasi vizuri kuliko hili.

Hakiki kila jibu. Jumlisha tarakimu zake. Jumla lazima igawanyike kwa 9. 8442 inatoa 18, 5994 inatoa 27. Ukipata 20, umekosea kukopa mahali fulani, rudi uangalie. Kwa darasa la watu wengi hii inaniokoa, kwa sababu kila mtu anajisahihisha mwenyewe.

Hatua ya 4: kwa nini. Usiishie kwenye kushangaa. Tarakimu zako, kuanzia kubwa, ziite a, b, c, d. Kubwa ni 1000a + 100b + 10c + d, ndogo ni 1000d + 100c + 10b + a. Toa, utabaki na

999(a − d) + 90(b − c)

Itazame vizuri. 999 na 90 zote zinagawanyika kwa 9, ndiyo maana uhakiki wetu unafanya kazi. La maana zaidi ni kwamba tarakimu zenyewe hazihesabiki tena. Zinazoamua ni tofauti mbili tu, ya pembeni na ya katikati. Kwa 1961 ni 8 na 5. Kwa 1949 pia ni 8 na 5, basi nayo inakwenda moja kwa moja kwenye 8442.

Sasa hesabu. Tofauti ya pembeni ni 1 hadi 9, na ya katikati haiwezi kuizidi. Ya pembeni ikiwa 1, ya katikati ni 0 au 1, yaani njia mbili. Ikiwa 2, njia tatu. Hadi 9, njia kumi. 2 + 3 + … + 10 = 54. Kwa hiyo maelfu yote ya namba za kuanzia, baada ya kutoa mara moja tu, yanaangukia kwenye majibu 54. Hayo yanahesabika! Huwa nayagawa kwa vikundi tisa, kila kimoja majibu sita, wanachora mishale kwenye karatasi ya manila kutoka jibu hadi jibu linalofuata. Mishale yote inaishia 6174, na hapo wamethibitisha wao wenyewe, bila kuniamini mimi.

Ukitaka kuendelea. Tarakimu tatu zinaishia 495. Anza na 254: 297, 693, 594, 495. Fomula yake ni 99(a − c), ndiyo maana tarakimu ya katikati daima ni 9. Tarakimu tano hazina kituo kimoja, zinazunguka tu. 53955 inakwenda 59994 na kurudi. Tarakimu mbili nazo huzunguka: 81, 63, 27, 45, 09, halafu 81 tena. Hiyo 09 iandike na sifuri yake.