Waini ya Uhispania iliyokaa miaka: jinsi ya kuionja ukiwa Mombasa

Kabla ya lolote, itoe hiyo chupa juu ya kabati. Nasema hivi manake mie niliwahi kupewa zawadi ya Rioja, yaani waini ya eneo la Rioja kaskazini mwa Uhispania, ya daraja la Gran Reserva ya 2001, na 2001 kule ulikuwa mwaka mzuri sana, nikaiweka juu ya kabati la jikoni kwangu Bamburi nikingojea siku yake, ikapita Disemba, ikapita Machi na joto lake lile, siku naifungua nakuta kizibo kimejisukuma juu, shingo inanata, na ndani inanuka jemu iliyoshika sufuria. Watu wameitunza miaka kwenye pipa na miaka kwenye chupa, ikaja kufia kwangu kwa miezi michache tu. Iliniuma na mpaka leo inaniuma, ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni joto. Utaambiwa waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sawa, lakini chumba kinachosemwa hapo ni cha nyumba za mawe za Ulaya zenye baridi, si sebule yako ya Kongowea saa mbili usiku feni inazungusha hewa ile ile ya nyuzi 30. Rioja iliyokaa inataka nyuzi 16 mpaka 18 hivi. Ikiwa ya moto, utapata spiriti inakuchoma pua na harufu nyengine zote zinajificha nyuma yake. Kama chupa ilikuwa nje, tia kwenye friji kama saa nzima, au ndoo ya maji na barafu dakika 10 hadi 15, na uweke maji kweli, manake barafu tupu haishiki chupa vizuri. Ukiimimina ikiwa baridi kidogo kuliko inavyotakiwa usijali, Mombasa itaipasha yenyewe kabla hujamaliza kusalimiana na wageni.

Kuhifadhi je? Wenye pishi, yaani chumba cha chini chenye baridi cha kuwekea waini, huhifadhi kwa nyuzi 12 mpaka 14 mahali penye giza, chupa imelala ili kizibo kisikauke. Sisi hatuna pishi. Mie siku hizi nanunua karibu na siku ya kunywa, na ikibidi ikae wiki kadhaa inalala chini kabisa ya friji, kwenye sehemu ya mboga, imefungwa gazeti. Watu wa waini watakwambia friji si nzuri kwa miaka, na ni kweli, lakini kwa miezi ni afadhali mara mia kuliko kabati. Na dukani usione haya kuikagua: angalia kizibo kimelingana na mdomo wa chupa, waini imefika shingoni, hakuna mchirizi uliokaukia nje, na uulize kama ile AC huzimwa wakifunga usiku. Ikiwa chupa imesimama rafu ya juu chini ya taa, iache. Halafu ukishanunua usiisahau kwenye buti ya gari ukipanga foleni ya feri Likoni, hapo joto la buti litaiharibu.

Sasa lebo. Ya Rioja nyekundu ikiandikwa Crianza imekaa angalau miaka 2, na 1 kati ya hiyo kwenye pipa la mwaloni. Reserva ni miaka 3, pipani angalau 1. Gran Reserva ni miaka 5, pipani angalau 2 na chupani angalau 2. Hizo ni sheria, si sifa za muuzaji, na hicho ndicho kitu ninachokipenda kwa Wahispania: wanakungojea wao. Nchi nyingi utauziwa waini changa uambiwe kaiweke miaka 10, wao wanaiweka kwao mpaka ifikie. Kuna nyumba za waini kama López de Heredia pale mji wa Haro, huko huko Rioja, iliyoanza 1877, wana mafundi wao wenyewe wa kutengeneza mapipa na Gran Reserva yao inaweza kutoka ikiwa na miaka kama 20. Zabibu yenyewe mara nyingi ni Tempranillo, jina linatokana na neno la kwao la “mapema” kwa vile huiva mapema. Ukiona Ribera del Duero, eneo jengine la waini la Uhispania, zabibu ni hiyo hiyo lakini waini huwa nzito na nyeusi zaidi. Kwa wa kuanza nasema Reserva ya Rioja, basi, usihangaike na nyengine.

Isimamishe wima siku moja au mbili kabla, ndani ya friji kama inaenea. Waini ya umri ina mashapo, na ukiyatingisha utakunywa machungu na mchanga. Kizibo cha zamani kinavunjika kama biskuti, kwa hivyo zungusha kizibuo mpaka kiingie sana na uvute taratibu, ukiomba. Kikikatika, usikisukume ndani, ingiza tena kizibuo kwa upande upande. Kikidondoka vipande chuja na kitambaa safi cha kuchujia tui, ila kiwe hakina harufu ya sabuni wala ya nazi. Ukitaka kuitenga na mashapo, imimine polepole kwenye jagi ya glasi huku umemulika shingo ya chupa kwa tochi ya simu kutoka chini, ukiona wingu linakaribia unaacha. Na hapa wengi wanakosea, wamesikia waini iachwe ipumue masaa, hiyo ni ya waini changa zenye nguvu. Yenye miaka 20 ni kama mtu mzima aliyelala, ukimuamsha kwa kelele hatakaa. Mimina, kaa nayo, iamke ndani ya glasi.

Glasi ijae theluthi tu. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe utazame ukingoni: changa ina zambarau, iliyokaa inakwenda rangi ya tofali, kisha rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Nyeupe zinafanya kinyume, zinazidi kukolea mpaka dhahabu.

Halafu nusa kabla ya kuzungusha. Sehemu hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote kwa sababu watu wa Mombasa wanajidharau bure, wanadhani pua ya waini ni ya Wazungu. Jamani! Mtu aliyelelewa Mji wa Kale ana pua iliyosoma. Mapipa ya Rioja ya kizamani yalikuwa ya mwaloni wa Marekani, na mwaloni ule unatoa harufu ya vanila na ya nazi, naam, nazi, na nani atakayekufunza wewe harufu ya nazi? Ukinusa zaidi unapata ngozi, ile ya makubadhi mapya fundi akiwa bado anayakata. Tumbaku kavu. Karafuu na mdalasini, pita Marikiti mara moja uje uniambie. Matunda hayawi mabichi tena, yamegeuka tende, zabibu kavu, ukwaju kidogo. Na chini kabisa kuna harufu ya udongo mvua ya vuli inapoanza, na uyoga. Usitafute maneno ya vitabuni ya matunda ambayo hujawahi kuyala, taja kile pua yako inachokijua. Ikinuka katoni iliyonyeshewa, kizibo kimeiambukiza, si kosa lako wala si ladha ya umri, rudisha dukani.

Onja kidogo, iache izunguke mdomo mzima mpaka kwenye fizi. Ule ukavu unaobana ni ukakasi, tunaujua kwenye mabibo na kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kwenye waini changa unakwaruza, kwenye iliyokaa vizuri umelainika, upo lakini kama hariri. Iwe bado na uchachu wa kukutoa mate, huo uchachu ndio uliokuwa ukiiweka hai miaka yote. Meza kisha uhesabu kimya kimya. Ladha ikikufuata mpaka 20, 30, hiyo ni waini. Kisha iache robo saa urudi, manake itakuwa imebadilika, na ikibadilika unairudia tena, hakuna haraka.

Chakula: weka pilipili mbali, kabisa, inaamsha spiriti na kuua mengine yote. Mbuzi wa kuoka na chumvi na thumu ndiye rafiki wa Gran Reserva, na huko Rioja wenyewe wanakula mwanakondoo aliyechomwa kwa kuni za mizabibu kwa hivyo hatuko mbali. Mishkaki bila pilipili, vizuri. Pilau inakubali kwa ajili ya mdalasini na bizari, acha achari pembeni. Samaki wa kupaka mtafutie Rioja nyeupe iliyokaa pipani, lile tui na ile nazi ya pipa vinakutana, mie nilipoonja mara ya kwanza nilinyamaza.

Na kama nyumbani stima inapotea kila mara na hilo jambo la joto linakukatisha tamaa, anza na oloroso ya Jerez. Hii ni waini ya kusini, imeongezewa spiriti ikafika asilimia 17 au zaidi, halafu ikakaa miaka ikipigwa na hewa makusudi, kwenye safu za mapipa, za chini zikipunguzwa zinajazwa na za juu, changa inaingia kwa nzee daima, ndiyo maana mara nyingi huoni mwaka kwenye lebo. Ukiona VOS wastani wa umri ni zaidi ya miaka 20, VORS zaidi ya 30. Kwa kuwa imeshaizoea hewa, ukiifungua inakaa kwenye friji wiki kadhaa bila kununa. Kidogo tu kwenye glasi ndogo, na korosho za Kilifi za kukaanga. Ile tamu nyeusi, Pedro Ximénez, ina sukari mara nyingi kupita gramu 300 kwa lita, ni halwa ya kunywa, na halwa yenyewe usiitie pamoja nayo, chukua kahawa chungu. Ila fino na manzanilla, zile nyeupe kavu za upande huo huo, usiziweke, hizo zinataka zinywewe mapema zikiwa baridi sana.

Rioja ya miaka mingi imalizeni usiku huo huo, watu 4 au 5 chupa moja inatosha, kesho yake haitakuwa yenyewe. Na glasi zisioshwe. Ziache mezani, asubuhi kabla ya chai inuse yako ikiwa tupu. Yangu mara ya mwisho ilinuka udi, kama nguo iliyofukizwa jana.