Umebadilisha anwani ya mtu kwenye seva ya meili alafu barua hazifiki? Anza hapa

Dada wa uhasibu aliolewa, akataka anwani yake isome jina jipya, mi nikamwambia hiyo kazi ya dakika mbili tu. Ijumaa jioni nikafungua /etc/postfix/virtual, faili la aliasi (anwani zinazoelekezwa kwenye boksi lingine), nikaongeza mstari mmoja, nikaondoka zangu. Yeye wikiendi nzima akawa anawagawia wateja anwani mpya WhatsApp. Jumatatu saa mbili asubuhi simu inaita, barua zote zimewarudia wenyewe na maneno "User unknown". Aibu yangu.

Naongelea Postfix (inayopokea na kusambaza barua) na Dovecot (inayowafungulia watu maboksi yao) kwenye Linux maana ndo ninazoshinda nazo. Tuseme anwani ya zamani ni neema.j@example.com na mpya ni neema.m@example.com.

Usikimbilie kuristati seva. Iulize kwanza Postfix yenyewe kama inaijua hiyo anwani:

postmap -q neema.m@example.com hash:/etc/postfix/virtual

Ikikaa kimya basi haiijui, hata kama we unauona mstari wako pale kwenye faili kwa macho yako. Ndo kosa langu la ile Ijumaa, Postfix haisomi lile faili unaloliandika, inasoma virtual.db, na hiyo inatengenezwa upya ukipiga postmap /etc/postfix/virtual. Ukisahau, kwenye logi (faili seva inamoandika matukio yake) utakuta onyo kwamba virtual.db "is older than source file", na mimi lilikuwepo tangu Ijumaa ila nani anasoma logi Ijumaa jioni. Ukishapiga postmap huhitaji kuristati chochote, inayotaka postfix reload ni main.cf, faili kuu la mipangilio, ukiigusa. Mashine mpya kama za RHEL 10 (Linux ya Red Hat) hazina tena hash, ile aina ya hifadhidata iliyo kwenye amri ya juu, zinatumia lmdb, kwahiyo angalia kwanza kwa postconf default_database_type. Na usichanganye na /etc/aliases, lile ni la majina ya watumiaji wa ndani ya mashine yenyewe na lina amri yake, newaliases.

Ikikujibu vizuri na bado barua hazionekani, ingia kwenye logi. Debian na Ubuntu ni /var/log/mail.log, kina RHEL ni /var/log/maillog. Tafuta jina kwa amri ya grep alafu tafuta mstari wenye to= na orig_to=. Orig_to ni anwani aliyoandika mtumaji, to= ni kule Postfix ilikoipeleka baada ya kuigeuza, hizo mbili tu zinakumalizia nusu ya maswali. Siku moja nilikuta orig_to ni ya mtu wa stoo na to= ni ya bosi, yaani mwezi mzima bosi anapokea oda za misumari na anazifuta akidhani matangazo.

Hiyo ilisababishwa na mstari wa kudaka-zote, ule unaoanza na @example.com peke yake bila jina. Huu mstari ni mtego bana, nauchukia. Ukitengeneza boksi jipya kabisa la neema.m bila kuligusa faili la virtual, Postfix inapita kwenye aliasi kabla haijafika kwenye maboksi, inatafuta anwani nzima haioni, inakutana na @example.com, inampelekea yule anayedaka zote. Boksi lipo, zima, paswedi inakubali, ila halipati kitu na hamna hata kosa moja kwenye logi. Dawa yake inachekesha, unaandika anwani ijielekeze yenyewe:

neema.m@example.com neema.m@example.com

alafu postmap tena.

Kuna na barua zilizokuwa zimeshaingia kwenye foleni kabla hujarekebisha. Zile zimeshageuzwa anwani wakati zinaingia, kwahiyo marekebisho yako haziyajui, na kwa kawaida zitazunguka mpaka siku 5 ndo zirudi kwa mtumaji. Zione kwa postqueue -p. Watu wengi wanapiga postqueue -f wakidhani wamemaliza, ile inazisukuma tu kwa anwani ileile. Unayotaka ni postsuper -r ukifuatisha namba ya barua, au ALL kama una uhakika, hapo zinaanza safari upya na zinapita kwenye aliasi mpya. Zilizokwisha kurudi ndo basi, mwombe mtu atume tena.

Kama umebadilisha mpaka jina la kuingilia, jiandae kupigiwa kelele "barua zangu zote zimepotea". Hazijapotea. Dovecot mara nyingi inatafuta folda kwa jina la yuza, jina likibadilika inafungua folda mpya tupu. Mtoe yuza kwa doveadm kick, hamisha folda ya zamani kwa mv, hakikisha mwenye folda bado ni vmail (akaunti ya Linux inayomiliki folda za barua) au yeyote ambaye seva yako inamtumia. Binafsi siku hizi jina la kuingilia siligusi, naongeza aliasi tu, usingizi nalala.

Akipokea ila akituma anapewa "not owned by user", nenda kwenye smtpd_sender_login_maps, hujaiambia seva kwamba huyu yuza anaruhusiwa kutumia anwani mpya. Na wale wa Exchange, seva ya meili ya Microsoft, angalieni kwenye proxyAddresses, orodha ya anwani za yuza, SMTP: ya herufi kubwa ndo anayotumia kutuma, smtp: ya herufi ndogo kwa kawaida ni ya kupokelea tu, ukikosea herufi atatuma kwa jina la zamani milele.

Anwani ya zamani usiifute. Iache kama aliasi, maana Outlook za watu zinaikumbuka zenyewe wakianza kuandika "nee", ile skana ya koridoni inayo, na huyo dada wa uhasibu nilimfutia ya kwake baada ya miezi miwili, kumbe namba za siri za kuthibitisha malipo kutoka benki zilikuwa zinaenda hukohuko, na ilikuwa siku ya mishahara.