Ulipwe kwa maonyesho au kwa mibofyo? Namna ya kuamua, nafasi moja baada ya nyingine

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka bango lake likae kwenye tovuti yako. Unamtajia bei ya mwezi, naye anajibu: "Nitalipa kwa anayebofya tu, wengine hawanihusu." Ukikubali bila hesabu, bango lake likiwa baya hasara ni yako, na wala hukulitengeneza wewe. Ukikataa bila hesabu, huenda umefukuza pesa nzuri. Mwongozo huu ni wa hesabu hiyo na mambo yanayoizunguka. Umeandikwa kwa ajili ya mwenye tovuti inayosomwa zaidi kwenye simu, anayetumia AdSense (huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu) na wakati huohuo anauza nafasi nyingine mwenyewe.

Vifupisho vitatu vinatosha. CPM ni malipo kwa kila maonyesho 1,000 ya tangazo; onyesho ni tangazo kutokea mara moja kwenye ukurasa. CPC ni malipo kwa kila mbofyo. CTR ni asilimia ya maonyesho yaliyobofywa.

Kabla ya yote, tuondoe dhana moja. Bado kuna wanaoamini AdSense inalipa kwa kubofya. Novemba 2023 Google ilitangaza kwamba kuanzia mwanzoni mwa 2024 wenye tovuti watalipwa kwa maonyesho. Mgawo nao ulielezwa upya: mwenye tovuti anapata 80% ya kinachobaki baada ya jukwaa la mnunuzi kuchukua ada yake. Google Ads, jukwaa la Google la wanunuzi wa matangazo, huchukua wastani wa 15%, kwa hiyo 0.85 mara 0.80 inakurudisha kwenye 68% ileile ya zamani. Mfanyabiashara wa upande wa pili bado anaweza kununua kwa mbofyo. Mfumo unazidisha bei yake kwa uwezekano wa kubofywa, unapata thamani ya onyesho, ndipo mnada unafanyika. Hesabu hiyohiyo ndiyo tutakayoifanya kwa mkono kwa wateja wako wa moja kwa moja, kwa sababu huko ndiko bado una uhuru wa kuchagua.

Hatua ya 1: Ipe kila nafasi jina lake

Usiseme "tovuti yangu ina CTR ya 0.6%". Tovuti haina CTR; nafasi ndiyo inayo. Tengeneza kitengo cha tangazo tofauti kwa kila nafasi, ukipe jina linalojieleza, pamoja na upana na urefu wake kwa pikseli: juu_320x100, makala_aya3_300x250, mwisho_300x250, na kwa wasomaji wa kompyuta pembeni_300x600. Zima matangazo ya kujipanga yenyewe ya AdSense kwa kipindi cha kipimo, maana yanajichomeka popote na kuchafua takwimu. Pima kwa siku 14 kamili, ili wikendi mbili ziingie.

Hatua ya 2: Subiri mibofyo 100 kwa kila nafasi

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Nafasi yenye mibofyo 25 inaweza kuyumba kwa mibofyo 10 juu au chini kwa bahati tu. Hiyo ni 40%, hakuna uamuzi wa maana unaojengwa juu yake. Ikifika mibofyo 100, kuyumba kunashuka hadi kama 20%. Maana yake nafasi ya 0.50% na ya 0.58% bado ni sawasawa, lakini ya 0.2% na ya 0.9% ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa CTR ya 0.5% unahitaji maonyesho 20,000 kufikia mibofyo 100. Siku 14 zisipotosha, ongeza muda.

Hatua ya 3: Tafuta mpaka

Kanuni ni hii: CTR ya mpaka, kwa asilimia, ni CPM gawa kwa CPC, kisha gawa kwa 10.

Chukua bei za mfano. Mteja wa kwanza anatoa TSh 2,000 kwa maonyesho 1,000. Wa pili anatoa TSh 400 kwa mbofyo. 2,000 gawa kwa 400 ni 5. Gawa kwa 10 ni 0.5. Nafasi iliyo juu ya 0.5% inalipa zaidi kwa mbofyo, iliyo chini yake inalipa zaidi kwa maonyesho. Bango la juu lenye 0.2% litakupa mibofyo 2 kwa kila 1,000, yaani TSh 800 kwa mteja wa mbofyo; mpe mteja wa maonyesho. Bango la katikati ya makala lenye 0.9% litakupa mibofyo 9, yaani TSh 3,600. Hapo mkaribishe mteja wa mbofyo.

Sasa ongeza mshindani wa tatu: AdSense yenyewe. Nafasi ikiingiza dola 0.60 kwa maonyesho 1,000, na dola moja ikiwa TSh 2,600, hiyo ni TSh 1,560. Hiyo ndiyo sakafu yako. Bei ya mteja wa moja kwa moja isipoizidi sakafu kwa robo hivi, usijisumbue. Kudai malipo nako ni kazi.

Kuna tahadhari moja ambayo ukiisahau itakuangusha. CTR uliyopima imetoka kwenye AdSense, ambako kila msomaji anachaguliwa tangazo linalomfaa. Bango la mwenye duka ni lilelile kwa kila mtu, kuanzia mwanafunzi hadi fundi. Punguza CTR uliyopima kwa theluthi moja kabla ya kuiweka kwenye kanuni. Ile 0.9% inakuwa 0.6%, bado iko juu ya mpaka. Lakini nafasi ya 0.7% inashuka hadi chini ya 0.5% na jibu linageuka.

Hatua ya 4: Tengeneza nafasi kabla ya kuipangia bei

Onyesho ambalo halikuonekana halina thamani kwa mnunuzi makini. Kipimo cha kawaida cha sekta ni kwamba angalau 50% ya eneo la bango liwe ndani ya skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Kwa video ni sekunde 2. Mabango makubwa sana, kuanzia pikseli 242,500, yanatakiwa 30% tu. AdSense inakuonyesha, kwa kila kitengo, asilimia ya maonyesho yaliyotimiza kipimo hicho. Bango la mwisho wa makala likionekana kwa 30%, usiliuze kwa maonyesho mpaka ulihamishe.

Cha kushangaza, nafasi ya juu kabisa nayo huanguka kwenye simu: msomaji anatelezesha kidole kabla bango halijapakia. Baada ya aya ya pili au ya tatu ndipo mahali pazuri. Tenga nafasi yake mapema kwa mstari kama huu:

`<div style="min-height:250px">`

Usipoitenga, bango linapofika linasukuma maandishi chini, na kidole kilichokusudia kiungo kinatua juu ya tangazo. Mbofyo wa namna hiyo si faida. Google hukata mibofyo batili kwenye hesabu za mwisho, na ikizidi, akaunti inafungwa. Kwa sababu hiyohiyo, weka bango mbali na menyu, vitufe vya kupakua na namba za kurasa, na usiandike kabisa "bofya matangazo yetu utuunge mkono". Juu ya tangazo andika "Matangazo", basi.

Hatua ya 5: Andika makubaliano ya ukurasa mmoja

Kwa mkataba wa maonyesho, taja idadi, tarehe, nafasi, na nini kinahesabiwa kuwa onyesho: bango lililoanza kuchorwa kwenye skrini, au lililotimiza kipimo cha kuonekana? Bei ya pili lazima iwe juu zaidi. Taja pia nani anahesabu. Mifumo miwili haitalingana kamwe. Tofauti ya hadi 10% ni ya kawaida, ikizidi hapo ndipo mnakaa kutafuta sababu.

Mkataba wa mbofyo unahitaji vifungu zaidi, kwa kuwa hasara imehamia kwako. Weka malipo ya chini yasiyopungua sakafu ya AdSense mara idadi ya maonyesho, gawa kwa 1,000. Weka haki ya kudai bango jipya endapo baada ya maonyesho 20,000 CTR iko chini ya mpaka. Weka kwamba simu moja inahesabiwa mbofyo mmoja kwa siku, ili mshindani wa mteja asiketi akibofya mchana kutwa. Na liandikwe wazi: unauza mibofyo, huuzi mauzo. Mteja akiwa na bei mbaya dukani, hilo si lako.

Bango lenyewe likague. Maandishi ya saizi ndogo yaliyonakiliwa kutoka kwenye kipeperushi cha karatasi hayasomeki kwenye 320x100. Ukiona hivyo na mteja hataki kubadili, muuzie kwa maonyesho tu.

Kiungo cha mteja kipe rel="sponsored". Google imekubali alama hiyo tangu 2019, na kiungo kilicholipiwa bila alama kinaweza kukuharibia nafasi yako kwenye utafutaji.

Hatua ya 6: Lipakie, lakini libane

Tumia seva ya matangazo, yaani mfumo wa kupanga na kuhesabu matangazo, kama Google Ad Manager. Usibandike picha moja kwa moja kwenye kiolezo cha tovuti. Mwenye WordPress akitumia programu-jalizi ya kuhifadhi kurasa, ukurasa unagandishwa na bango lililokuwepo wakati huo: mabango matatu uliyotaka yabadilishane yanakuwa moja, na hesabu inapotea.

Kisha weka mambo mawili, mgawanyo sawa kwa siku na kikomo kwa mtu mmoja. Umuhimu wake unaonekana siku NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, inapotangaza matokeo ya kidato cha nne, kwa kawaida mwezi Januari. Ukurasa wako wa matokeo unafunguliwa na kufunguliwa tena na mtu yuleyule mara 30. Mteja aliyenunua maonyesho 100,000 ya mwezi mzima anamaliza yote kabla ya jioni, kwa watu wachache waliokuwa wakitafuta jina la mtoto wala si bati. Kikomo cha maonyesho 4 kwa mtu kwa saa 24 kinazuia hilo. Siku hizo CTR huporomoka kwa sababu watu wana haraka, hivyo mteja wa mbofyo mwondoe kwenye kurasa hizo na uache maonyesho yafanye kazi.

Januari, kwa ujumla, bei za matangazo hushuka baada ya kilele cha Desemba. Usiamue kubadili mfumo wa malipo kwa kulinganisha miezi hiyo miwili.

Hatua ya 7: Jiandae kwa simu ya "mbona wateja sijawaona?"

Umemwambia mteja mibofyo 200, takwimu za tovuti yake zinasema wageni 140. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Ukurasa wake una picha za megabaiti 5, mtu mwenye bando dogo anafunga kabla haujafunguka. Wengine waligusa mara mbili. Na pengine anwani yake inamhamisha mgeni kwenda anwani nyingine na kudondosha njiani alama za utm_source na utm_campaign, zinazoonyesha mgeni ametoka wapi. Fungua kiungo mwenyewe kwenye simu, uangalie kama alama hizo bado zipo mwishoni mwa anwani.

Wafanyabiashara wengi wa kwetu hawana tovuti kabisa. Bango linakwenda WhatsApp. Hapo hakuna takwimu za wageni za kulinganisha. Dawa ni kuweka ujumbe uliokwisha kuandikwa ndani ya kiungo: baada ya wa.me/ na namba ya mteja, ongeza ?text=Habari%20nimeona%20tangazo%20MK3. Herufi MK3 zitaje nafasi: makala, aya ya 3. Mteja anatafuta "MK3" kwenye simu yake na kuhesabu walioandika. Watakuwa wachache kuliko mibofyo, kwani kuna wanaofungua na kurudi bila kutuma, hivyo mweleze mapema.

Mwisho wa mwezi, kabla ya kutuma ankara, angalia majira ya saa kwenye ripoti zote mbili. Ripoti iliyowekwa saa za California iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu, na siku moja ya trafiki kubwa tarehe 31 inatosha kuleta ugomvi. Weka zote kwenye saa za Dar es Salaam au Nairobi, ambazo ni zilezile, chapisha ripoti kwa nafasi, iambatishe.